Kupima Majuto Kabla ya Kuuza Mpunga



Kila mwaka, mpunga ukishajaa ghalani, kamati za vyama vya msingi huku Bukene huulizwa swali lile lile: tuuze sasa au tungoje? Wapo wanaojibu kana kwamba bei ya Januari wameiota. Mwaka 2013 Serikali iliruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru, na waliokuwa wakingoja wakaona bei ikianguka.

Mtaalamu wa takwimu wa Marekani, Leonard Savage, alieleza mwaka 1951 njia ifaayo pale ambapo yatakayotokea hayakadiriki: kupima majuto mapema. Tuseme chama kina magunia 100, na bei ya leo ni shilingi 80,000 kwa gunia. Bei ikipanda, gunia lililowekwa litaleta 100,000 baada ya kutoa gharama za ghala, ikianguka, 50,000. Basi aliyeuza yote aweza kujutia shilingi 2,000,000, na aliyeweka yote 3,000,000. Tukiuza 60 na kuweka 40, majuto hayazidi 1,200,000, bei ipande au ianguke. Mgawanyo mwingine wowote una majuto makubwa zaidi upande mmoja.

Hesabu hii haitabiri bei. Chama chenye deni la pembejeo kiuze kwanza kiasi cha deni, ndipo kigawanye kilichobaki. Katibu naye aiandike katika kumbukumbu za mkutano kabla gunia la kwanza halijatoka, maana bei ikipanda hatakosekana wa kusema kwamba kamati imehongwa.