Mtikisiko wa Gari Wakati wa Kukanyaga Mafuta Kidogo

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia akifika Makambako hukuta njia panda: upande mmoja ni Mbeya, upande mwingine ni Njombe na Songea. Kutoka hapo hadi Njombe ni kilometa 60 hivi za lami inayopanda na kushuka katika nyanda za juu. Yeyote aipitaye mara kwa mara kwa gari dogo lenye gia za otomatiki, lililonunuliwa likiwa limekwisha kutumika Japani, huenda amekutana na jambo hili. Gari limeondoka vizuri, nalo limekwenda kilometa 15 au 20 bila kasoro. Kisha, likiwa katika mwendo wa kilometa 60 au 70 kwa saa, dereva anakanyaga mafuta kidogo tu ili apande mwinuko mdogo, na gari lote linatikisika kana kwamba linapita juu ya matuta madogo yaliyopangwa mfululizo. Sekunde mbili tatu, halafu linatulia. Akikanyaga kwa nguvu, mtikisiko unatoweka. Akiachia, unatoweka vilevile.

Hapo ndipo fedha huanza kupotea. Mmoja atasema ni magurudumu, mwingine atasema ni maunti za injini, na wa tatu atashauri gia boksi nzima ing'olewe, iwekwe nyingine iliyotumika. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia kusawazishwa kwa magurudumu manne pamoja na shokapu mbili mpya, kumbe kosa lilikuwa katika plagi moja iliyopasuka kauri yake. Fundi hakunidanganya. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba gari linatetemeka, nikanyamaza, nisimweleze linatetemeka lini. Na katika tatizo la namna hii, neno “lini” lina thamani kuliko neno “wapi”, kwa sababu mtetemo husafiri katika chuma chote cha gari na kuonekana kana kwamba unatoka kila mahali, lakini masharti yanayouamsha ni machache na yanajulikana.

Tuanze na mguu wa dereva. Gurudumu lisilo na uwiano mzuri wa uzito halijui kama dereva amekanyaga mafuta au ameachia. Linajua mwendo tu. Likitetemeka kwa kilometa 80 kwa saa, litatetemeka kwa mwendo huohuo hata gari likiteremka lenyewe gia ikiwa imeachiwa huru. (Jambo hilo nalieleza kwa ajili ya hoja, kuteremka mlima kwa gia huru ni hatari, na isifanywe.) Kwa hiyo mtikisiko unaokuja mguu ukikanyaga na kuondoka mguu ukiachia, mwendo ukiwa uleule, hautokani na uwiano wa magurudumu. Unatokana na kitu ambacho hubeba nguvu ya injini: injini yenyewe, gia boksi, shafti, au viungo vyake. Kwa kuuliza swali moja tumekwisha kuondoa gharama ya kusawazisha magurudumu.

Lakini kwa nini uje wakati wa kukanyaga kidogo, usije wakati wa kukanyaga sana, ambapo nguvu ni kubwa zaidi? Hapa inatupasa kutazama ndani ya gia boksi ya otomatiki. Kati ya injini na gia hakuna klachi ya kawaida ya kukanyagwa kwa mguu. Pana chombo kiitwacho tork konveta, ambacho kwa mfano rahisi ni feni mbili zinazotazamana ndani ya oili. Injini huzungusha feni ya kwanza, oili inarushwa, nayo huisukuma feni ya pili. Njia hii ni laini sana, lakini ina upungufu: feni ya pili daima hubaki nyuma kidogo ya ile ya kwanza, na tofauti hiyo hugeuka kuwa joto, yaani petroli iliyopotea bure. Ndiyo sababu katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 wahandisi wameweka ndani ya konveta klachi ndogo ambayo huzifunga feni hizo mbili pamoja, zizunguke kama kitu kimoja. Kwa kawaida klachi hiyo hufunga gari likiwa katika gia za juu, oili ikiwa imekwisha kupata joto, na dereva akiwa amekanyaga mafuta kidogo. Dereva akikanyaga sana, mtambo huifungua.

Mwanafunzi atakuwa ameona kwamba masharti hayo ndiyo yaleyale ya msafiri wetu: kilometa 15 za kupasha oili joto, mwendo wa 60 au 70, na mguu mwepesi.

Sasa, klachi hiyo inapofunga, nyuso mbili hukutana ndani ya oili na kuteleza kidogo kabla ya kushikana. Katika magari mengi ya karibuni huachwa kwa makusudi ziendelee kuteleza kidogo sana. Oili ya gia boksi ina viungo vya kikemia vinavyofanya msuguano wa nyuso zinazoteleza polepole usiwe mkubwa kuliko ule wa nyuso zinazoteleza kwa kasi. Oili ikichakaa, au ikiwekwa ya aina nyingine, hali hugeuka: nyuso zikipunguza kasi, msuguano unaongezeka, zinashikana, nguvu ya injini inajikusanya na kuzinasua, zinateleza, msuguano unapungua, kisha zinashikana tena. Kila mwalimu analijua tendo hilo, kwa maana ndilo linalofanya chaki ipige kelele ubaoni ikishikwa vibaya, na ndilo linalofanya uzi wa zeze utoe sauti ukisuguliwa kwa upinde wake. Tofauti ni kwamba uzi wa zeze ni mwepesi, nao hushikwa na kuachiwa mara mamia kwa sekunde, ilhali gari ni zito, na mara chache tu kwa sekunde huhisiwa kama matuta.

Ingekuwa jambo rahisi kama chanzo kingekuwa hicho peke yake. Kuna kingine kinachojifanya kuwa ndicho. Silinda moja ikikosa kuwaka mara kwa mara (mafundi husema injini “inamisi”), mshtuko wake hupunguzwa sana na oili ya konveta wakati klachi ya ndani iko wazi. Klachi ikifunga, injini huunganishwa na magurudumu moja kwa moja, na kosa lililokuwa limefichika hujitokeza. Dereva huhisi mtikisiko uleule, kwa mwendo uleule. Kadhalika, mpira wa hewa ukipasuka baada ya mlango wa kuingizia hewa katika injini, hewa isiyopimwa huvutwa ndani. Mvuto huo huwa mkubwa wakati mlango umefunguka kidogo, yaani mguu ukiwa mwepesi, na hupungua mlango ukifunguka wote. Hii ni sababu nyingine ya kosa kupenda mguu mwepesi.

Namna ya kuyatenganisha ni kubadili sharti moja kwa wakati mmoja na kuyaacha mengine kama yalivyo. Mtikisiko ukianza, ongeza mafuta taratibu bila kuifanya gia ishuke. Mtikisiko wa klachi ya konveta aghalabu hukoma, kwa kuwa klachi hufunguka. Plagi au koili dhaifu huzidi kusumbua, kwa kuwa silinda imejaa zaidi, na cheche huhitaji volti nyingi zaidi ili iruke katika gesi iliyokandamizwa zaidi. Jaribio la pili: katika magari mengi ya Kijapani pana kitufe chenye herufi O/D kwenye mkono wa gia, ambacho huizuia gia ya juu kabisa. Kibonyeze, mwendo wa gari ukiwa uleule. Magurudumu yanaendelea kama awali lakini injini inazunguka kwa kasi zaidi. Je, mtikisiko umebadilika au haukubadilika?

Hesabu yake inafaa kufanywa darasani. Tairi lenye kipenyo cha sentimeta 60 lina mzingo wa meta 1.88. Gari likienda kilometa 60 kwa saa, yaani meta 16.7 kwa sekunde, gurudumu huzunguka karibu mara 9 kwa sekunde. Injini ikiwa katika mizunguko 1,800 kwa dakika, hiyo ni 30 kwa sekunde; na kwa kuwa kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, silinda moja iliyokufa hutoa pigo mara 15 kwa sekunde. Tukishusha gia, injini ikafika 2,400, pigo hilo litakuwa mara 20, ilhali la gurudumu litabaki 9. Katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kiungo cha ndani cha shafti mara nyingi kina roli tatu. Kikilika, hutikisa gari mara tatu kwa kila mzunguko wa gurudumu, yaani 27. Kiungo hicho, hata hivyo, huonyesha uovu wake zaidi dereva akikanyaga kwa nguvu, na gari huyumba kushoto na kulia.

Namba hizi si za kukisia tu. Simu nyingi za siku hizi zina kipimo cha mchapuko ndani yake, na ziko programu za kuandika vipimo vyake. Simu ikilazwa imara sakafuni mwa gari, mwenzi wa dereva (si dereva!) akaianzisha, hutoa mchoro ambao wanafunzi wanaweza kuhesabu vilele vyake kwa rula. Kipimo kikichukuliwa mara 100 kwa sekunde, mitetemo isiyofikia 50 kwa sekunde yaweza kutambulikana, na hiyo yatosha kutenganisha 9, 15 na 27.

Mahali nako kuna neno lake. Njombe iko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni karibu asilimia 80 ya ile ya pwani. Injini isiyo na turbo hupata hewa pungufu kwa kiasi hicho, hivyo mguu unaoitwa mwepesi Dar es Salaam hautoshi kwenye kilima cha Njombe. Gari la zamani lenye kabureta huchoma mchanganyiko wenye petroli nyingi mno, plagi zikajaa masizi meusi. Magari yenye kompyuta hujirekebisha. Kwa upande mwingine, cheche dhaifu hupata nafuu kidogo huko juu kwa sababu gesi ndani ya silinda imepungua, na kosa laweza kulala Njombe likaamka Morogoro. Ukungu wa asubuhi nao huleta unyevu juu ya waya na koili zenye ufa, umeme ukatorokea kwenye chuma. Gari linalotikisika asubuhi ya Juni na kupona saa sita mchana linamwelekeza fundi kwenye umeme, si kwenye gia boksi.

Ikithibitika kuwa ni klachi ya konveta, hatua ya kwanza ni kubadilisha oili, si kung'oa gia boksi. Oili iwe ya aina ileile iliyoagizwa na watengenezaji. Vitabu vya magari haya huja vimeandikwa Kijapani, lakini pale palipo na kijiti cha kupimia oili, aghalabu jina la oili limechongwa juu yake. Gia boksi za mkanda zina oili yake peke yake, na kuzitilia ile ya kawaida kwa kuwa rangi zinafanana ni kuziua. Ikiwa ni injini inayomisi, isiachwe hata kama gari “bado linakwenda”: petroli isiyowaka huenda kuwakia ndani ya kichujio cha moshi na kukiyeyusha. Taa ya injini ikimetameta badala ya kuwaka tu, ndilo onyo la jambo hilo.

Limebaki gari la mzigo, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Pikapu iliyopakia magunia ya viazi Njombe hukaa chini nyuma, na pembe ya shafti ndefu hubadilika. Kiungo cha msalaba, ambacho Mwingereza Robert Hooke alikichunguza katika karne ya 17, hakipokezi mzunguko sawasawa kikiwa katika pembe: katika kila mzunguko hukimbiza na kuchelewesha shafti mara mbili. Kwa pembe ya nyuzi 3 tofauti hiyo ni kama sehemu 14 katika 10,000. Kwa nyuzi 10 inafika 150. Viungo viwili vyenye pembe sawa hufutiana makosa, lakini mzigo ukizidi pembe hazilingani tena, na gari hutikisika linapoondoka. Kama mtikisiko unakoma mzigo ukishushwa, tatizo ni pembe. Kama unabaki, zima gari mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, acha gia huru, kisha ingia chini uikamate shafti kwa mikono miwili na kuipindapinda huku na huku. Kiungo kizima hakichezi hata kidogo. Kikicheza, au ukiona vumbi jekundu la kutu pembeni mwa vikombe vyake, beringi zake zimekauka, na gari lisiendeshwe hadi kibadilishwe, kwa kuwa shafti ikikatika upande wa mbele ncha yake huanguka na kuchimba barabara gari likiwa katika mwendo.