Je, Wajua? Kila Tundu Lina Mpangaji

Je, wajua kwamba mashine ya boti inaweza kusimamishwa na mdudu ambaye hafiki urefu wa kidole chako cha mwisho?

Nilikuwa Chokocho, Pemba, nikingoja kuvuka kwenda Kisiwa Panza. Boti ilikuwa imekaa juu wiki nzima ikizibwa nyufa. Nahodha akavuta kamba mara mbili, mashine ikaitika, lakini ule uzi wa maji unaochuruzika nyuma yake haukutoka. Akazima papo hapo. Mzee mmoja aliyekaa juu ya gunia lake la mchele akaanza kulaumu pampu. "Ami, si pampu hiyo, ni nyigu," akasema baharia, kijana wa miaka kumi na kitu, naye tayari ana kipande cha waya mkononi. Akachokoa kitundu taratibu. Zikadondoka punje za udongo mkavu, kisha buibui mdogo wa kijani, miguu imekunjwa kama mkono wa mtoto aliyelala. Nyuma yake wakatoka wenziwe watatu. Mashine ikawashwa tena, maji yakaruka, tukaondoka.

Je, wajua uzi ule wa maji una kazi gani? Mashine ya boti hupozwa kwa maji ya bahari yenyewe. Pampu huyavuta kutoka chini na kuyazungusha ndani ya injini. Mengi hurudi baharini pamoja na moshi, na kiasi kidogo hutolewa kwa kile kitundu ili nahodha aone kwa macho kwamba pampu inafanya kazi. Kikizibwa kitundu peke yake, mashine inaweza kuendelea kupoa vizuri tu. Tatizo ni kwamba nahodha amepoteza shahidi wake. Siku pampu ikifa kweli, atajua kwa harufu ya kuungua, akiwa katikati ya mkondo.

Je, wajua mpangaji huyo ni nani hasa? Ni nyigu wa udongo. Huku kwetu Afrika Mashariki aliyezoeleka ni yule mweusi mwenye miguu ya manjano na kiuno chembamba kama uzi. Wataalamu humwita Sceliphron spirifex. Haishi kwa kundi, hana malkia wala askari. Kila jike ni fundi wa nyumba yake mwenyewe. Dume hajengi.

Ukitaka kumwona kazini, usimtafute kwenye mashine. Kaa karibu na kisima, pale wanawake wanapomwaga maji wakijaza ndoo na ardhi kubaki na tope. Anatua ukingoni, anainua tumbo juu asilichafue, anakata tope kwa taya huku mbawa zikivuma kwa sauti nyembamba ya mbu aliyekasirika. Tope linakuwa kidonge cha ukubwa wa punje ya choroko. Analibeba, anaruka, na baada ya dakika chache yuko pale pale tena. Chumba kimoja kinataka vidonge vingi, na kila kidonge ni safari moja.

Je, wajua kwamba nyigu huyu alikuwa na njia ya kuhifadhi nyama kabla ya binadamu kuota friji? Buibui wale hawajafa. Amewachoma sindano ya sumu inayowapooza, kwa hiyo hawaozi. Huwapakia chumbani, mara nyingi zaidi ya kumi, hutaga yai moja juu ya mmojawao, kisha huziba mlango kwa udongo. Mtoto akianguliwa anakuta chakula kibichi, hai, kisichoweza kukimbia.

Kuna nyigu wengine wapenda matundu pia. Wapo wanaojaza viwavi badala ya buibui. Wapo nyuki wapweke wanaoziba kwa majani yaliyokatwa kwa ustadi kama kitambaa, au kwa utomvu wa mti. Tundu la kufuli, bomba la kiyoyozi linalotoa maji nje, kipumulio cha tanki la petroli, bomba la moshi la jenereta lililolala tangu umeme uliporudi: hayo yote kwao ni vyumba vya kupanga. Kiyoyozi kikianza kudondosha maji ndani juu ya kitanda, kabla ya kumwita fundi toka nje ukaangalie mdomo wa bomba.

Je, wajua kwamba Wazungu wanaosafiri na nyumba zao wanagombana na mdudu huyu huyu? Yale magari yenye kitanda, jiko na friji ndani, ambayo wengine huyaleta hata Bara wakiizunguka Afrika, yana matundu ubavuni kwa nje: la friji, la hita ya maji, la kutoa moshi. Gari likiegeshwa miezi kadhaa, nyigu na buibui huhamia. Gari hilo halipandi dau kuja Panza, lakini friji lililomo ndani yake ni ndugu wa friji lililohudumia zahanati nyingi za Afrika Mashariki.

Hebu tulitazame kidogo. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji lisilo na injini. Unaliwekea moto mdogo chini, na joto la moto huo ndilo linalosukuma amonia kwenye mabomba mpaka ndani kunapoa. Ndiyo, moto unatengeneza baridi. Kwa sababu hiyo friji za mafuta ya taa ziliweza kutunza chanjo mahali ambapo nguzo ya umeme haikufika, na kwa sababu hiyo hiyo friji za gesi ziko kwenye magari ya kulala mpaka leo. Lakini moto lazima upumue. Nyigu akijenga ndani ya bomba la moshi, ndimi zinageuka za manjano, masizi yanajaa, baridi inapungua siku hadi siku, na mwenye friji anadhani gesi imechakachuliwa.

Jiko lako la gesi lina tabia hiyo hiyo. Kati ya nozo na kichwa cha jiko kuna mrija wenye uwazi wa kuingizia hewa. Gesi ikichanganyika na hewa ya kutosha, moto ni wa buluu na hauchafui sufuria. Utando wa buibui au kidonge cha udongo kikikaa pale, hewa inapungua, moto unakuwa wa manjano na sufuria inatoka nyeusi kama ya kuni. Ubaya zaidi hauonekani: moto uliokosa hewa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu waliolala. Moto wa manjano ni sababu ya kufunga mtungi na kufungua madirisha, kisha kusafisha. Kuongeza gesi hakusaidii kitu.

Je, wajua kwamba mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita magari yapatayo 65,000 yarudi gereji, mengi yake huko Marekani, kwa sababu ya buibui? Buibui wa manjano alipenda kusokota utando ndani ya mrija wa kipumulio cha mfumo wa petroli. Tanki likikosa pumzi linaweza kupasuka. Mwaka 2014 wakayaita mengine 42,000 kwa kesi ile ile. Mtuhumiwa hakufika mahakamani.

Sasa tupande juu zaidi. Ukisafiri kwa kidege kidogo kutoka Unguja kwenda Pemba, kabla ya kuruka mwangalie rubani anavyozunguka ndege yake kwa miguu. Atavua vifuniko vyenye utepe mwekundu kwenye mirija midogo iliyochomoza mbele. Hiyo ni mirija ya Pitot, imepewa jina la Mfaransa Henri Pitot aliyeibuni mwaka 1732 kupimia mwendo wa maji ya mto. Ndege huitumia kupimia kasi yake hewani. Kipenyo chake ni cha kumfaa nyigu kabisa.

Tarehe 6 Februari 1996 ndege aina ya Boeing 757 ya Birgenair, kampuni ya Uturuki, iliruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika. Dakika chache baadaye ilikuwa baharini, na watu wote 189 wamekufa. Wachunguzi walisema mrija mmoja wa Pitot uliziba. Mrija wenyewe haukupatikana, ila mshukiwa mkuu alikuwa nyigu wa udongo, kwa kuwa ndege ilikuwa imeegeshwa siku kadhaa bila mirija kufunikwa. Hewa iliyonaswa ndani ilidanganya: kadiri ndege ilivyopanda, ndivyo saa ya rubani ilivyoonyesha kwamba inakimbia mno. Kumbe ilikuwa inazidi kupoteza mwendo, pua juu, mpaka hewa ikashindwa kuibeba.

Na nyigu hahitaji wiki. Brisbane, Australia, Novemba 2013, ndege ya Etihad ilitua, ikakaa chini takriban saa mbili, ikaruka, ikalazimika kurudi. Ndani ya mrija wa upande wa kapteni palikuwa na udongo. Huyo hakuwa yule wetu mwenye kiuno cha uzi. Alikuwa nyigu mwingine aliyetoka Amerika ya Kusini na ya Kati, bingwa wa kujaza matundu yaliyo tayari. Watafiti walichapa mirija ya mfano ya plastiki, wakaitundika uwanjani, na kwa miezi 39 ilizibwa kabisa mara 93. Nyigu wote waliotoka humo walikuwa wa aina moja hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba kinga bora ya matundu imejaribiwa chooni? Miaka ya 1970, Zimbabwe ya leo, Peter Morgan na wenzake wa maabara ya Blair walitengeneza choo cha shimo chenye bomba refu la hewa, na juu ya bomba wavu. Upepo ukipita juu huvuta harufu itoke. Inzi aliye shimoni hufuata mwanga, na kwa kuwa chumba cha choo kina giza, mwanga anaouona ni wa bombani. Anapanda, anakutana na wavu, anafia pale. Katika siku 78 choo kisicho na bomba kilitoa inzi 13,953, na chenye bomba na wavu kilitoa 146. Wavu ukichanika, bomba linageuka mlango.

Zanzibar nayo ina kisa chake. Makunduchi, mwaka 1988, watafiti walimwaga kwenye mashimo ya vyoo punje nyeupe nyepesi kama zile za maboksi ya kufungia televisheni. Zikaelea juu ya maji na kufanya blanketi. Mbu wanaoeneza matende na mabusha wakakosa pa kutaga, na viluwiluwi vyao vikakosa pa kuvutia pumzi. Sambamba na hilo wakazi walipewa dawa. Blanketi lilikaa miaka bila kuguswa. Mimi huona hiyo ni hila safi kuliko makopo yote ya sumu yaliyopangwa dukani.

Turudi kwenye matundu yako. Tundu linalolala, lifunike. Tundu linalofanya kazi, liwekee wavu. Mashine ya boti iliyopandishwa juu, jenereta lililozimwa, jiko la akiba lililo stoo: kitambaa, kizibo, hata kipande cha gunzi kinatosha, injini ikishapoa. Lakini funga utepe mwekundu unaoning'inia mpaka kwenye kamba ya kuwashia, maana jenereta lenye kizibo kilichosahauliwa ni balaa jingine. Mafundi wa ndege walishalifikiria hilo.

Kwa tundu linalopaswa kupumua muda wote, wavu wa vyoo vile vya Zimbabwe ulikuwa na macho ya milimita 1.2 kwa 1.5, na wavu huo unamzuia nyigu pia. Usitumie wenye macho madogo zaidi ya hayo. Macho madogo mno hujaa vumbi na utando, na utakuwa umefanya mwenyewe kazi ya nyigu. Juu ya bomba la moshi masizi huziba wavu upesi, kwa hiyo ni wa kukaguliwa kila mara, si wa kuwekwa na kusahauliwa. Plastiki haifai penye joto. Na kisiwani, ambako chumvi hula hata misumari, nunua wavu wa chuma kisichoshika kutu, au uwe tayari kununua mwingine mwakani.

Nyumba ikishajengwa ndani, itoe kwa waya uliopindwa ncha kama ndoana, ukivuta nje. Wengi husukuma ndani, na hapo ndipo kidonge cha udongo kinapokwenda kukaa mahali ambapo fundi atafungua bolti ishirini kukifikia. Usimwagie petroli. Usipulizie dawa ya kopo kwenye bomba la gesi, kwani upepo wa kopo lenyewe hushika moto.

Wala huna haja ya kuogopa. Nyigu wa udongo halindi nyumba yake, na hauumi mkono usiomfinya. Wanaovamia kwa kundi ni wale wenye masega ya kijivu kama karatasi chini ya paa. Hao ni watu wengine kabisa, na hao waheshimu. Huyu wa udongo mwache ajenge ukutani, chini ya dari, popote pasipo na kazi.

Ila kesho asubuhi, kabla hujavuta kamba ya mashine, inama uangalie kile kitundu. Kikiwa kimepakwa udongo mbichi, mwenyewe hayuko mbali. Yuko kisimani anachota kidonge kingine.