Kweli au si kweli: Maibadhi wa Oman na wanafalsafa wa Paris

"Kuhoji maneno tunayotumia kumweleza Mungu kulianza Paris." Si kweli. Wapenzi wa falsafa ya usasaleo humtaja Jacques Derrida na udenguzi wake, au Jean-Luc Marion, ambaye kitabu chake cha 1982 kilikataa kumfunga Mungu katika dhana ya kuwapo. Nenda Sharqiyah, mashariki mwa Oman. Al-Qabil, si mbali na Ibra, alisomesha Nur al-Din al-Salimi, mwanachuoni kipofu tangu utotoni, aliyefariki 1914. Katika Mashariq Anwar al-Uqul anatetea itikadi ya Maibadhi, madhehebu ya Kiislamu yasiyo ya Kisunni wala ya Kishia, kwamba Mungu haonekani, duniani wala Akhera. Jicho huona kitu kilicho upande fulani, chenye mpaka; Mungu hana upande wala mpaka, basi ataonekanaje? Kwa msimamo huo huo, "mkono" wa Mungu hufasiriwa kuwa uwezo au neema, na kulingana kwake juu ya Arshi, yaani kiti cha enzi, kuwa kutawala. Hii ni kazi nzito ya akili, na inasikitisha kwamba wasomi wetu wengi hawaijui.

 

"Mabishano kuhusu kumwona Mungu yamekwisha zamani." Si kweli. Sheikh Ahmed bin Hamed al-Khalili, mzaliwa wa Zanzibar aliyeteuliwa Mufti Mkuu wa Oman mwaka 1975, aliandika Al-Haqq al-Damigh katika miaka ya 1980. Kitabu kizima kinahusu mambo matatu: kumwona Mungu, kuumbwa kwa Qur'ani, na kudumu motoni kwa mwenye dhambi kubwa asiyetubu.

"Basi Derrida na wanavyuoni wa Kiibadhi wanasema jambo moja." Si kweli, na hapa ndipo penye mtego. Derrida, Myahudi mzaliwa wa Algeria, alitoa mhadhara Jerusalem mwaka 1986 kuhusu theolojia ya kukanusha, inayomweleza Mungu kwa kusema asivyo, akajitenga nayo. Aliona kwamba anayekanusha namna hiyo bado anamthibitisha Mungu aliye juu ya kila kilichopo. Mwibadhi hana haja ya kulikana hilo: anakanusha mfano ili tauhidi isimame, na mstari wa kukanusha unaishia hapo. Udenguzi hauna pa kuishia. Kila maana huachwa wazi kufunguliwa tena.

Walimu wa falsafa wa Dar es Salaam, Nairobi na Muscat, msimsomeshe Derrida bila kumsomesha al-Salimi.