Mama Muuguzi Anayesoma Huku Akifanya Kazi: Muda Atautoa Wapi?

Leo tunazungumza na mama muuguzi anayefanya kazi kutwa, ana watoto nyumbani, na bado ameamua kurudi masomoni. Ikiwa si wewe, huenda ni dada yako au binti yako, nawe ndiwe unayebaki na watoto wake. Basi sikilizeni pamoja.

Zamani, muuguzi wa cheti aliyetaka diploma ilimbidi aache wodi na jamaa zake, aende kukaa chuoni. Wengi hawakuweza. Mwaka 2005 shirika la AMREF, likishirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya na Wizara ya Afya, lilianzisha masomo kwa njia ya kompyuta ili wauguzi wa cheti wasomee diploma bila kuacha kazi. Ulikuwa msaada mkubwa. Lakini siku haikuongezwa saa, ni zile zile 24, na akina mama wengi huzitoa saa za masomo kwenye usingizi. Hapo ndipo shida huanza.

Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kwa siku. Watafiti waliwapima watu waliokaa macho saa 17 hadi 19 mfululizo, wakaona wanakuwa wazito wa kufikiri na kutenda kama mtu aliyekunywa pombe. Hebu hesabu: umeamka saa kumi na moja alfajiri, ukashinda kazini, ukafungua daftari saa nne usiku. Tayari ni saa 17. Unachosoma hakikai, na kesho utampimia mtoto wa mwenzio dawa ukiwa na macho mazito.

Kuna hatari nyingine ambayo haitajwi sana. Mama ameketi kwenye kochi, kitabu mkono mmoja, mtoto mchanga ananyonya mkono wa pili. Usingizi ukikuiba hapo, mtoto anaweza kubanwa kati yako na kochi akakosa pumzi. Ukiona macho yanafunga, weka kitabu chini, umlaze mtoto chali mahali pake pa kulala.

Sasa ufanye nini? Anza na ratiba ya zamu, si ratiba ya masomo. Zamu zikibandikwa, zinakili, kisha andika saa zako za kulala kabla ya kitu kingine chochote. Kinachobaki ndicho cha kugawanya. Ukitoka zamu ya usiku, usifungue kitabu. Oga, kula kidogo, funga pazia, lala. Utasoma jioni kabla ya kurudi kazini, akili ikiwa imepumzika. Kahawa nayo hukaa mwilini kwa saa nyingi, kwa hiyo inywe mapema katika zamu, si alfajiri unapokaribia kwenda nyumbani. Na tarehe za mitihani mpe msimamizi wako wa wodi mapema, kabla hajapanga zamu za mwezi.

Usingoje kupata saa tatu za utulivu. Hazitakuja. Dakika 20 zinatosha ukizitumia kujiuliza maswali badala ya kusoma ukurasa ule ule mara tano. Kata karatasi ngumu ziwe kadi ndogo. Upande mmoja andika swali: maji ya mililita 1000 yaingie kwa saa 8, na mpira wake hutoa matone 20 kwa mililita, ni matone mangapi kwa dakika? Upande wa pili andika jibu: 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, ni karibu matone 42. Fanya hesabu hiyo ukiwa kwenye matatu kabla ya kugeuza kadi. Irudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Jambo unalolikumbuka kwa taabu kidogo ndilo hukaa.

Wodi pia ni darasa. Umemhudumia mgonjwa wa kisukari leo? Ukifika nyumbani soma kurasa za kisukari, si za mifupa, hata kama mifupa ndiyo inayofuata kitabuni.

Nyumbani, ukisema tu "nisaidieni", kila mtu atangoja mwenzake. Taja siku na saa: Jumanne na Alhamisi, saa moja hadi saa mbili usiku, baba watoto ndiye anayewaogesha na kuwalisha. Watoto wakubwa wakifanya kazi ya shule, keti nao meza moja na daftari lako. Ufagio unaweza kungoja.

Nawe nyanya, au dada unayelea watoto, usimwamshe mama aliyetoka zamu ya usiku kwa sababu ya chumvi kuisha. Lakini mwamshe mara moja mtoto akikataa kunyonya, akitapika kila anachokula, akipumua kwa shida, akipatwa na degedege au akilegea na kulala isivyo kawaida. Mtoto huyo apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Na ikiwa mzigo umezidi, zungumza na mkufunzi wako uahirishe somo moja hadi muhula ujao. Kuahirisha si kuacha.