Ndugu wa damu, majina mbalimbali

WANAOVUKA mpaka wa Kobero, huko Muyinga, kwenda Kabanga upande wa Tanzania wanalifahamu swali hili: jina la ukoo ni lipi? Fomu ina nafasi yake, na nafasi tupu huzua maneno. Mrundi huishia kuandika jina la baba yake, na hapo ndipo taabu inapoanzia.

Kwa desturi yetu jina halirithiwi. Tazama nyumba ya kifalme. Mwami Mwambutsa, aliyeitwa Bangiricenge, alimzaa Rwagasore, shujaa wa uhuru aliyeuawa mwaka 1961, na Ndizeye, aliyetawala mwaka 1966 kwa jina la Ntare na kuuawa hapa Gitega mwaka 1972. Baba mmoja na wanawe, kila mtu na jina lake.

Jina la Kirundi ni sentensi. Ndayishimiye ni namshukuru, yaani Mungu. Ndikumana ni niko na Mungu. Nkurunziza ni habari njema. Nyandwi ni wa saba, Minani wa nane. Pacha mkubwa ni Bukuru, mdogo ni Butoyi, na anayewafuata ni Ciza. Mengine yana uchungu wa mzazi au ujumbe kwa jirani. Mtaalamu wa lugha Philippe Ntahombaye alichapisha kitabu kizima juu ya majina ya Warundi mwaka 1983, na jina lake mwenyewe maana yake ni sina mahali pa kuishi. Wakimbizi wangapi wangestahili kuitwa hivyo!

Kwingine mambo ni tofauti. Huko Catalonia, Hispania, mtu hubeba majina mawili ya ukoo, la baba na la mama. Ferrer ni mhunzi, Puig ni kilima, na idara yao ya takwimu huonyesha akina Ferrer ni wangapi na wanaishi wapi. Kwetu ukiwahesabu akina Ndayishimiye wote hutapata ukoo. Utapata wazazi walioshukuru.

Sisi tuliosomea ukimbizini, Ulyankulu, Katumba au Mishamo, tuliandikishwa kwa desturi ya Tanzania: jina la mtoto, la baba, la babu. Vyeti vyetu vya shule viko hivyo. Tuliporudi, komini iliandika jina la Kirundi na la ubatizo, basi. Mtu mmoja, karatasi mbili. Katika daftari la mahudhurio, kaka aliyeandikishwa kambini na mdogo wake aliyezaliwa nyumbani huonekana kama watu baki, ingawa wanakalia dawati moja.

Darasani hilo ni jambo la kucheka. Kwenye shamba si la kucheka. Ndugu wawili wanadai ardhi iliyoachwa mwaka 1972, mmoja ana jina la baba, mwingine ana lake, na anayeikalia anauliza: hawa ni ndugu kweli?

Kinachowaunganisha Warundi katika karatasi ni mistari ya Se na Nyina kwenye karangamuntu. Hakikisha herufi zake zinalingana na za ndugu zako kabla ya kuondoka dirishani. Ile fomu ya UNHCR ya kurejea kwa hiari nayo ina orodha ya watu wa nyumba moja. Wengi waliifungia chumvi.