Ajira Nyanda za Juu Kusini (2): Mbao za Mufindi zisitoke zikiwa mbichi

Sehemu ya kwanza ya makala hizi iliishia kwenye swali la mitaji. Leo tuanze na mti. Shamba la Miti Sao Hill, wilayani Mufindi, lina zaidi ya hekta 130,000, na hakuna shamba la miti la Serikali linalolifikia kwa ukubwa. Majaribio ya upandaji yalianza mwaka 1939, upandaji mkubwa ukafuata baada ya Uhuru. Mwenye miti hiyo ni umma, kupitia Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), unaoiuza ikiwa bado imesimama. Mnunuzi mkubwa wa madawati, milango ya madarasa na vitanda vya mabweni naye ni umma huohuo, kupitia halmashauri. Muuzaji na mnunuzi ni mmoja, lakini kijana wa Iringa au Mbeya hana nafasi ya maana katikati yao.

Tazama mbao inavyosafiri. Gogo la paini linapasuliwa kwa dingdong, mashine ndogo ya kupasulia mbao, pembeni mwa shamba, vibarua wanalipwa kwa idadi ya vipande, mabanzi yanaishia kuwa kuni, na mbao ya mbili kwa nne inapakiwa kwenye fuso ingali na maji. Ikifika Dar es Salaam imekwisha kupinda, na fundi wa huko ndiye anayeiranda, kuiunganisha na kuipaka vanishi. Viwanda vya vinia na plaiwudi vilivyoota Mafinga vimepunguza tatizo hili kwa kiasi, na vinastahili sifa, lakini havitengenezi dawati.

Pendekezo langu ni hili: sehemu moja ya kumi ya miti inayovunwa Sao Hill kila mwaka itengwe kwa karakana za vijana ndani ya Iringa, Njombe na Mbeya, kwa sharti kwamba haitoki katika mikoa hiyo ila ikiwa bidhaa kamili. Ile asilimia 4 ya mikopo ya vijana, katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, itolewe kama tanuri la kukaushia na mashine za kuranda, si kama fedha mkononi. Kisha asilimia 30 ya ununuzi wa umma, ambayo sheria imeyatengea makundi maalumu, ianzie kwenye samani za shule. Mafundi wapo: VETA inawafundisha, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina wataalamu wa kuzitunza mashine hizo. Sera za mikopo na ununuzi nazo zipo, ila kila moja inatembea peke yake.

Wapo watakaosema mikopo hiyo ilishatushinda. Ni kweli, Aprili 2023 Serikali iliisimamisha baada ya ukaguzi kuibua madeni yasiyolipwa na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Lakini kilichotushinda ni kugawa fedha bila soko. Tanuri lililojengwa kwa matofali haliwezi kugawanywa usiku na wanakikundi, na deni linakatwa kwenye malipo ya madawati kabla hayajafika kwao. Wengine watataja Mgololo, kiwanda cha karatasi kilichoanza kuzalisha miaka ya 1980, kikasimama muongo uliofuata. Mgololo kilikuwa kiwanda kimoja kikubwa mno. Ubovu wa karakana moja kati ya, tuseme, arobaini hauziangushi nyingine.

Hoja nzito zaidi, na sioni kwamba inajibika kirahisi, ni kwamba wafanyabiashara watajificha nyuma ya majina ya vijana na kuuza mgao papo hapo, miti ikiwa bado haijaangushwa. Kinga pekee ninayoiona ni majina na ujazo wa kila karakana kubandikwa kwenye ofisi za kata, na kibali kufutwa pale kinapouzwa mara ya kwanza, bila onyo. Mwenye kujua nani ana karakana na nani hana ni jirani, si mkaguzi kutoka Dodoma.

Hatua ya kwanza iko mikononi mwa Wizara ya Maliasili na Utalii. Madiwani wa Mufindi na Mafinga Mji wapeleke huko ombi la kutenga sehemu hiyo ya kumi kabla ya mgao ujao. Wiki ijayo tutashuka Usangu, kwenye mpunga wa Mbarali.