Mnyoo Unaosafiri Mfukoni

Mnyoo wa kompyuta ni programu inayojizalisha na kuhamia mashine nyingine. Kirusi hujishikiza ndani ya faili ya mtu na kusubiri faili hiyo ipelekwe kwingine. Mnyoo hujinakili wenyewe ukawa nakala kamili, inayojitegemea. Baadhi ya minyoo huzaana tu na kuchosha mashine. Mingine, na hiyo ndiyo ya kuogopwa, ikishaingia hufungua mlango wa nyuma: njia ya siri anayoitumia mtu wa mbali, pengine wa bara jingine, kuingia ndani ya kompyuta bila hodi.

Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, mnyoo wa aina hii una gari lake la kudumu, nalo ni flashi. Mwalimu anachapisha mtihani wa muhula katika saiba ya Kitale, anapanda matatu inayopita Kiminini na Webuye, na kesho yake flashi ile ile inachomekwa Bungoma mjini. Mwezi Juni, watu wanapokimbilia kuwasilisha ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30, au wakati wa maombi ya nafasi za vyuo ya KUCCPS na ya mikopo ya HELB, kompyuta moja ya saiba inaweza kupokea makumi ya flashi kwa siku. Kila moja huacha ilichokuja nacho na kuondoka na ilichokikuta.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni mnyoo ambao wataalamu waliueleza mwaka 2013 kwa jina la Houdini. Microsoft huuita Jenxcus. Wahudumu wengi wa saiba huzijua dalili za minyoo ya namna hii kwa jina moja tu, virusi vya shotikati. Flashi safi ikichomekwa kwenye mashine iliyoambukizwa, mnyoo hujinakili ndani yake, kisha huzificha faili za mwenyewe kwa kuzipa alama ambayo Windows huzipa faili zake nyeti. Mahali pa kila faili huwekwa shotikati, yaani njia ya mkato, yenye jina lile lile. Mwenye flashi akibofya barua yake ya kuomba kazi, mnyoo huamka, na barua halisi nayo hufunguka. Kwa kuwa barua imefunguka, hana sababu ya kushtuka. Kinachoufichua ni mshale mdogo uliopinda kwenye kona ya picha ya faili, na ukubwa usioaminika: barua ya kurasa tano inayosomeka kilobaiti moja au mbili.

Ndani ya kompyuta, mnyoo hujificha katika folda ya faili za muda na kujiandikisha kwenye orodha ya vitu vinavyoamka kila Windows inapowashwa. Huendeshwa na wscript.exe, chombo halali cha Windows chenyewe, kwa hiyo jina hilo halimtishi anayeitazama orodha ya programu zinazoendelea. Kila baada ya sekunde chache huwasiliana na seva ya bwana wake, ukataja jina la kompyuta na toleo la Windows, na kuuliza kama kuna amri. Amri inaweza kuwa kuleta programu nyingine na kuiendesha, kupekua folda au kuchukua faili. Mlango huu hufunguliwa kutoka ndani. Ruta iliyowekwa kuzuia wageni wa nje haiusumbui, kwa sababu kompyuta yenyewe ndiyo inayotoka kwenda kumwita mgeni. Na programu inayoletwa ikiwa ya kunasa kila herufi inayobonyezwa, basi nywila za iTax, za eCitizen na za barua pepe za wateja wa siku nzima zimekwenda.

Juni 2014 Microsoft ilipata amri ya mahakama nchini Marekani na kuyatwaa majina ya intaneti ya kampuni ya No-IP ambayo mabwana wa Jenxcus waliyatumia. Wateja wengi wasio na hatia walikatika pia, na baada ya siku chache majina yalirudishwa. Mnyoo uliokwishakaa kwenye flashi haufutwi na hakimu.

Mazoea ya flashi yana historia. Conficker, mnyoo uliotikisa dunia, ulitokea Novemba 2008, mwezi mmoja baada ya Microsoft kutoa sasisho la kuuzuia. Wakati huo Kenya ilikuwa bado ikitegemea setilaiti. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009. Kupakua masasisho kwa intaneti ya polepole na ya bei ghali lilikuwa jambo la anasa, na watu wakazoea kubebeana programu kwa flashi. Mwaka 2017, mnyoo wa WannaCry ulilipuka tarehe 12 Mei, ukitumia mlango wa nyuma uitwao DoublePulsar. Sasisho la kuuzuia lilikuwa limetolewa tangu tarehe 14 Machi. Kwa minyoo inayopenya kwenye nyufa za Windows kama hii miwili, kusasisha ndiyo kinga ya kwanza, na mashine zinazobaki na Windows 7, isiyohudumiwa tangu Januari 2020, zimeachwa wazi.

Kuung'oa mnyoo wa flashi kunaanza kwa kuchomoa waya wa mtandao au kuzima Wi-Fi, ili bwana wake asiweze kutuma amri wakati kazi inaendelea. Kompyuta zote za chumba husafishwa kwa mpigo mmoja pamoja na flashi zote za ofisi. Anayesafisha moja leo na nyingine Jumatatu anafanya kazi ya bure, maana iliyobaki itaiambukiza iliyosafishwa kabla ya chakula cha mchana.

Njia nyepesi ni ukaguzi wa nje ya mfumo wa Microsoft Defender, unaofanyika Windows ikiwa bado haijaamka, mnyoo ukiwa usingizini. Kwa mkono, hufunguliwa Task Manager na kusimamishwa wscript.exe, kisha kuondolewa jina la mnyoo kwenye orodha ya vinavyoamka, na kufutwa faili yenyewe, ambayo mara nyingi huishia na .vbs.

Flashi inahitaji utulivu. Wengi huiona imejaa shotikati, au iko tupu, wakaifomati papo hapo na kupoteza kazi ya miaka. Faili zimo, zimefichwa tu, na ukiuliza nafasi iliyotumika utaona flashi bado imejaa. Ikiwa flashi inasomeka kwa herufi E, amri attrib -h -r -s /s /d E:\*.* katika dirisha la amri huzirudisha machoni. Baada ya hapo hufutwa shotikati na faili ya mnyoo pekee.

Saiba nyingine hutumia Deep Freeze, programu inayoirudisha kompyuta katika hali yake ya awali kila inapowashwa upya. Ni kinga nzuri, mradi mashine iligandishwa ikiwa safi. Ikigandishwa na mnyoo ndani, mnyoo hufufuka kila asubuhi.

Mlango ukishakuwa wazi kwa wiki kadhaa, kuuondoa mnyoo hakuthibitishi kwamba hakuna kingine kilicholetwa. Kwa mashine ya hesabu za chama cha ushirika au ya rekodi za wagonjwa, busara ni kufuta diski nzima na kuweka Windows upya. Nywila hubadilishwa kwenye kifaa kingine kilicho safi. Tukio huripotiwa KE-CIRT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kama taarifa binafsi za watu zimechukuliwa na zinaweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72.

Jaribio la mwisho halina gharama. Flashi tupu huchomekwa kwenye kompyuta iliyosafishwa, ikaachwa dakika chache, kisha ikafunguliwa kwenye mashine ya Linux, ambako mnyoo wa Windows hauna nguvu na alama ya kuficha ya Windows haifichi kitu. Mashine nyingi za Windows zenyewe huunda folda ya System Volume Information, nayo haina neno. Ikionekana faili nyingine yoyote, yaelekea mnyoo bado umo.